Bakuli la Watu Halirudi Tupu

Paukwa yangu msiiitikie kwa sauti. Zamani mngesema pakawa nami ningeendelea, lakini siku hizi kuitikia jambo usilolijua kunahesabiwa kuwa ni kuchungulia, na kuchungulia kuna sheria yake. Kaeni kimya tu, nitasema taratibu. Mtu akipita, tunachambua mchele.

Nchi yenyewe siwezi kuitaja. Jina lilikuwapo, hata kwenye mifuko ya saruji lilichapwa, lakini Wizara ya Siri za Biashara ilipoundwa ililikuta limezagaa ovyo midomoni mwa watu, ikalichukua kwenda kulihifadhi. Tukaambiwa tuseme "huku". Basi huku kwetu mambo yalianza hivi.

Mkubwa wa Nchi alikwenda safari ng'ambo. Kule akapewa soda, akaipenda, akauliza imetengenezwa kwa nini. Wenyeji wakacheka kwa adabu, wakamwambia hiyo ni siri ya kampuni, na kwamba kampuni imetajirika kwa sababu hakuna anayejua. Mkubwa hakulala safari nzima ya kurudi. Aliposhuka tu kwenye ndege akawauliza mawaziri waliokuja kumpokea na maua: sisi tuna siri gani? Mawaziri wakatazamana. Kila mmoja alikuwa nazo za kwake, lakini hakuna aliyedhani ndizo zinazoulizwa.

Ikajengwa Wizara. Siri yenyewe ilikuwa haijapatikana bado, lakini ukuta ulikuwa umekwisha, na bango kubwa mbele yake: HAPA NDIPO SIRI ZINAPOWEKWA, na mshale chini yake, ili wezi wajue mahali pasipotakiwa kwenda. Ndani kukawa na chumba chenye mlango wa chuma ulioagizwa nje. Fundi aliyeuleta alikaa siku nzima akiwafundisha walinzi namna ya kuufungua, kisha akarudi kwao na ufunguo mmoja, kwa usalama zaidi.

Gari la matangazo likapita mitaani likiomba wenye siri za biashara wazipeleke. Watu walikwenda, msidhani hawakwenda. Fundi cherehani alieleza anavyokata suti ya mteja mpaka kinabaki kipande cha kaptura ya mwanawe. Akaambiwa hiyo inajulikana. Muuza maziwa akaeleza habari ya maji. Akaambiwa hiyo ni siri ya ushirika mzima, haiwezi kuandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Wizara ikakaa na mlango wake, na ndani hamna kitu, na walinzi wakaulinda utupu ule kwa bidii sana, maana mshahara ulikuwa umekwisha kupangwa.

Ndipo Hatibu akaja kwangu.

* * *

Hatibu ni mtoto wa mtaani kwetu. Mama yake alipojifungua, mimi ndiye niliyemnyoa nywele za uzazi. Sasa ni Mkurugenzi wa Wizara. Alikuja na suti na maofisa wawili, akavua viatu mlangoni, akanipa shikamoo, nami nikaitika marahaba mwanangu. Akasema hiyo ndiyo shikamoo ya mwisho kabla sehemu rasmi haijaanza. Kuanzia hapo yeye ni Mheshimiwa na mimi ni Mdau.

Walichokijia ni chachu.

Kwa asiyejua: mkate wetu wa kumimina hatuuumui kwa hamira ya dukani. Kila mwanamke ana chachu yake, uji mzito wa mchele uliochachuka, unakaa kwenye bakuli pembeni ya meko. Unachota ya kuumulia mkate, unabakiza kidogo, unailisha unga na tui la mwisho, unaifunika kwa kawa, kifuniko cha ukili uliosukwa. Kesho imejaa tena. Yangu nilipewa na mama yangu siku niliyoolewa. Nilitoka kwetu nimeibeba kwa mikono miwili, na mama mkwe akafunua, akanusa, akasema maneno yanayosemwa: "Nyumba imepata mwenyewe." Bila maneno hayo, huku kwetu umeletwa, hujaolewa.

Na chachu haina choyo. Wa jirani ikimfia, labda kwa safari au kwa msiba, anakuja, unamtilia kwenye bakuli lako. Akishapika anakurudishia bakuli na kipande cha mkate ndani. Hana mkate, ndimu. Hana ndimu, chumvi. Maana bakuli la watu halirudi tupu. Mtu wa kurudisha bakuli tupu, siku akifa tunamzika, lakini hatumsifu. Basi chachu ile imetembea mtaa mzima, bakuli hadi bakuli, hata hakuna ajuaye ilianzia kwa nani.

Hatibu alilitazama bakuli langu, la kauri nyeupe lenye maua ya samawati, limepasuka kidogo ukingoni, akatikisa kichwa. "Bibi," akasema, kisha akajirekebisha, "Mdau. Wataalamu wamegundua kwamba mkate huu hauna mfano duniani. Na siri yake yote imefunikwa kwa ukili."

Nikamwambia kawa ni ya ukili ili chachu ipumue.

"Kupumua ndiko kunakovujisha," akasema, na ofisa mmoja akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia hadithi ya Mtume.

Sikuwa na ugomvi. Nilimwambia jambo moja tu. Mjukuu wangu Mwanamize anaolewa mfungo ukiisha, anakwenda kwa mtoto wa Bi Shinuna, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hana mama, mama yake alitangulia. Wa kumpa chachu ni mimi. Aondoke na nini mikononi?

Hatibu akaweka mkono kifuani. Akaahidi kwamba bakuli litarudi kabla ya harusi. Nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

* * *

Jioni ile wakapita nyumba hadi nyumba. Waziri alikuwa ameuliza swali la maana: jambo linalojulikana na mtaa mzima ni siri gani? Ili iwe siri lazima ibaki moja. Basi chachu za wengine wote zikamwagwa mtaroni. Bi Shinuna alimwomba ofisa amwachie hata ya mkate wa siku ile, unga ameshausaga. Ofisa akasema anamwelewa kabisa, hata yeye anaupenda mkate huo, akamwaga.

Usiombe uone. Mtaro ukaumuka. Ulijaa povu jeupe hadi mlangoni kwa kinyozi, ukanukia mtaa wote, watoto wakaukimbilia wakicheka. Katika serikali zote nilizoziona, hapo ndipo serikali ilipokaribia sana kupika kitu.

Waziri akahutubia. Alisimama mbele ya ukuta, bakuli langu likapitishwa mbele ya watu limefunikwa bendera, na kamera za nchi za nje zikaalikwa zije zishuhudie jinsi lisivyoonekana. Alisema mengi. Mimi nilishika haya: "Jana tulikuwa watu tu. Leo tuna siri. Namwomba kila mwananchi ajivunie asichokijua." Tukapiga makofi. Bi Shinuna alikuwa pembeni yangu, akaninong'oneza kwamba yeye anakijua, je, ajivunie nini? Nikamwambia ajivunie taratibu.

* * *

Kesho yake nikaenda na kikombe cha unga. Chachu inataka kula. Mlinzi wa getini, kijana mwenye heshima, miwani myeusi, akaniuliza kibali cha kulisha. Nikamuuliza kinapatikanaje. Akanieleza kwa upole. Kibali hupewa mtu aliyehakikiwa kwamba haijui siri, maana anayeijua ni hatari. Lakini asiyeijua haruhusiwi kulisha, maana hajui anafanya nini. Nikamuuliza sasa nani atalisha. Akasema jambo hilo liko kwenye kamati.

Nikakaa kwenye ngazi za getini nikingoja kamati. Nikaja na siku ya pili, na iliyofuata. Unga ukifanya ukungu naubadilisha. Wakanizoea hata mlinzi akawa ananiwekea gazeti nikalie. Hatibu akitoka kwenda kuswali ananikuta. Siku moja akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini: "Bibi, najua inalishwa. Mama alikuwa akiilisha mbele yangu kila alfajiri. Lakini anayejua ni Hatibu wa mtaani. Mkurugenzi hajui."

"Basi Hatibu wa mtaani amwambie Mkurugenzi."

"Hana kibali cha kumwona," akasema, akainuka akapangusa magoti.

Nilipomtazama sikuona kwamba anatania.

* * *

Sasa mgeni. Aliitwa Bwana Valdo, mtu wa kampuni moja kubwa ya mikate ya ng'ambo. Alikuwa amepanga chumba mtaani kwetu hata kabla ya Wizara, akishinda barazani akitazama wanawake wanavyopelekeana mabakuli. Sisi tukadhani anatafuta mchumba. Wizara ilimjua kuwa ni jasusi. Ilijua hata nambari ya viatu vyake. Walinzi walikuwa wamefundishwa kumkamata akija anatambaa, akija na ngazi, akija amejificha ndani ya pipa. Wakamngoja hivyo.

Akaja anatembea. Mchana, mfungo ukiwa haujaingia bado, amevaa kanzu iliyompita magoti kidogo, mikononi bakuli la tende limefunikwa kawa. Akamwambia mlinzi ni zawadi ya Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa ujirani mwema. Akaacha, akaenda zake. Hakuuliza kitu.

Tende zililiwa na Wizara nzima, na mimi pale getini nililetewa yangu. Tamu, sitasema uongo. Halafu Hatibu akatoka. Akaketi karibu nami juu ya gazeti la mlinzi, na lile bakuli mapajani, limeoshwa. Akaligeuzageuza.

"Bibi, nikuulize."

"Niulize, mwanangu."

"Bakuli la watu."

"Halirudi tupu."

"Hata la mgeni?"

"La mgeni ndiyo zaidi. Atakwenda kusema nini kwao?"

Akapumua kwa nguvu. Akanieleza hali ilivyo. Hazina haijawaletea hata majani ya chai. Sukari iliisha wiki ya uzinduzi. Ndimu hamna. Ofisini mna viti, mna bendera, mna picha ya Mkubwa. Katika jengo lote la Wizara, kitu cha kutia bakulini ni kimoja tu.

Kisha akaingia ndani, na kamati, ile iliyokuwa haijakutana tangu izaliwe, ikakutana papo hapo kwa dharura ya adabu. Nikasikia mlango wa chuma unafunguka. Ofisa akatoka na bakuli limefunikwa kawa, amelishika kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, mwendo wa mtu aliyelelewa. Alipopita mbele yangu harufu ikanipiga. Niliijua. Lakini nilikuwa sina kibali cha kuijua, nikainama nikachezea kikombe changu.

Jioni ile Bwana Valdo akapanda ndege na bakuli lake. Kwenye forodha, nasikia, afisa aliuliza mna nini ndani. Akajibiwa nimerudishiwa bakuli na majirani. Afisa naye ana mama. Akampitisha.

* * *

Mkate ukaja madukani kabla mfungo haujaisha. Umefungwa kwenye mfuko unaong'aa, jina lake Mkate wa Bibi, na picha ya kizee anayecheka. Watu wakasema ni mimi, ila meno si yangu.

Mkubwa wa Nchi akakasirika, ikaundwa Tume. Tume ilianza na mlango. Ikaukagua, ikaukuta mzima, kampuni iliyouuza ikapewa hati ya sifa. Ikakagua ukuta, mzima. Ikamhoji Bwana Valdo kwa simu, naye akaishukuru sana serikali. Akasema katika nchi nyingi alizokwenda, ukitaka siri ya watu inabidi uibe, unapata na shinikizo la damu. Huku alipewa imefunikwa. Tume ikaamua kwamba wizi haukutokea, kwa kuwa mwizi ni anayevunja, na huyu alirudishiwa bakuli.

Ila siri ilikuwa sasa ni yake. Mwanasheria wa serikali alitueleza redioni. Siri ni ya aliyeiandikisha kuwa siri. Bwana Valdo aliiandikisha kwao asubuhi aliyofika. Sisi hatukuiandikisha popote, maana ili uiandikishe lazima uieleze, na ukiieleza si siri tena. Katika hili, akasema, tulilinda kupita kiasi.

Ili nchi isiaibike, ukatiwa saini mkataba. Kampuni ndiyo mwenye siri. Na kwa kuwa serikali yetu ina uzoefu wa kulinda siri, ikapewa heshima ya kuilinda hii, isiibwe na wenyeji. Wizara haikufungwa, iliongezewa walinzi. Ukuta ni uleule, bango ni lilelile. Kilichobadilika ni bunduki tu. Zamani zilitazama barabara ya uwanja wa ndege, sasa zikageuzwa zikatazama mtaani kwetu.

Ikabaki kumpata aliyevujisha. Tume ikawaza, ikasema uvujaji mkubwa hauanzi siku moja, una mizizi. Tukaitwa mimi na Bi Shinuna. Aliyehoji ni Hatibu, amekaa juu, mimi nimekaa chini, katikati yetu maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyanywa.

"Mdau, je, umewahi kumpa mtu yeyote siri hii?"

"Nimempa kila aliyenijia, Mheshimiwa."

"Kwa malipo gani?"

"Ndimu. Mwaka wa njaa, chumvi."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja, mzee aliyesoma sana, akasema polepole kwamba huu ni mtandao.

Bi Shinuna alitaka kusema jambo kuhusu tende. Ana ulimi, Bi Shinuna. Nikamkanyaga mguu. Mtoto wake ndiye anayemuoa mjukuu wangu, na gereza si mahali pa kupokelea bibi harusi.

Tukasamehewa kwa umri wetu, kwa masharti. Tusiumue chachu mpya, maana huko ni kuiga siri ya kampuni. Tusimweleze mtu, hata binti wa nyumbani. Na mkate wa dukani tunaruhusiwa kuula, hata tunahimizwa, lakini ni kosa kuuonja kwa nia ya kuutambua. Hilo lilibandikwa kila duka, na huku kwetu ukimwona mtu anatafuna amefumba macho, ujue atalala ndani.

* * *

Siku mbili kabla ya harusi, Hatibu akaja. Peke yake, bila maofisa. Akavua viatu. Akanipa shikamoo, na baada yake hakuanza sehemu rasmi.

"Bibi, nimelirudisha. Nilisema kabla ya harusi."

"Umesema na umetenda, mwanangu. Ahsante."

Nikafunua kawa. Bakuli lilikuwa limeoshwa, limeoshwa kwa sabuni hasa, lile bakuli langu la kauri lililokuwa na harufu ya mama yangu tangu sijazeeka. Chini limebandikwa kibandiko cha Wizara. Ndani hamna kitu. Iliyobaki baada ya bakuli la mgeni ilikuwa kidogo, akasema, ikangoja kamati, ikakauka.

Hatibu alikuwa amesimama mlangoni. Nikaona anajipapasa mfuko wa koti, akaja wa suruali, akarudi wa koti. Nilijua anatafuta nini. Hata peremende ingetosha, hata njugu moja. Akatoa funguo za mlango wa chuma, akazitazama, akazirudisha. Akavaa viatu akaondoka, na kamba za kimoja hakufunga. Mama yake, Mungu amrehemu, angelia. Alimlea vizuri sana mtoto yule.

Mwanamize aliniona nimekaa na bakuli. Akaniuliza, bibi, sasa itakuwaje. Nikamwambia itakuwa kama inavyokuwa. Akasema aende tu bila bakuli, dunia imebadilika. Nikamwambia dunia ibadilike, mikono yake haitakwenda mitupu. Nikabandua kibandiko kwa maji moto, nikalifunika kwa kawa, nikamkabidhi kama nilivyokabidhiwa, na maneno yake yote. Akalibeba kutoka kwangu hadi nyumba ya tatu, taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika. Mbele ya walinzi alipita amelikumbatia. Mmoja akamsimamisha, akafunua, akatazama, akafunika. Ndani hamkuwa na kosa.

Bi Shinuna alikuwa kizingitini. Akapokea kwa mikono miwili. Akafunua kawa, akainamisha uso ndani ya bakuli, akakaa hivyo. Vigelegele vikasita. Nikasema moyoni, huyu ana ulimi, atasema la kusema. Akainua uso, macho yamejaa, akafunika.

"Nyumba imepata mwenyewe," akasema.

Vigelegele vikapigwa mpaka walinzi wakashika bunduki.

Baada ya wiki bakuli likarudi. Mwanamize mwenyewe alilileta, ameshakuwa mwanamke wa nyumba, lesoni amefunga funguo. Nilijua halitarudi tupu. Lakini kwa Bi Shinuna siku hizi hakupikwi mkate, hakuna kunakopikwa, na ndimu msimu wake umepita. Wametia walichokuwa nacho. Nikafunua, nikakuta kipande cha mkate wa dukani, ule wa mfuko unaong'aa.

Mwanamize akaketi karibu nami. Dirishani mlinzi alikuwa amesimama, anatazama mdomo wangu. Nikamega. Nikatia kinywani, macho wazi.

Nikaula wote bila kuutambua, kama sheria inavyotaka, kisha nikanawa mikono nikaanza kufikiri nitie nini kwenye bakuli lile kabla halijarudi kwa Bi Shinuna.